Maharage yana cheti cha mpakani, elimu yetu je?

Serikali za Afrika Mashariki zinastahili pongezi kwa jambo moja. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, na hatozwi ushuru wa forodha. Sisi wa Kobero na Kabanga tunakijua cheti hicho na kimetuokoa mara nyingi. Swali langu kwa wahusika ni hili: ikiwa gunia la maharage linaaminiwa kwa karatasi moja, kwa nini elimu ya mtu mzima ikivuka mpaka uleule ihesabiwe kuwa si kitu?

Ndugu msomaji, jambo hili linanihusu. Nilizaliwa Ulyankulu, wazazi wangu wakiwa miongoni mwa waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma hadi kidato cha nne, kisha nikachukua stashahada ya uhasibu mkoani Tabora. Kati ya mwaka 2008 na 2009, watu zaidi ya 50,000 tulirejea Burundi kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tangu hapo nauza mchele na dagaa mpakani, na kwa biashara hiyo nimesomesha watoto watatu. Sasa nina miaka 43 na nataka shahada ya uhasibu. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vinahitaji watu wa kukagua hesabu, nasi tunachoka kumlipa mtu wa mjini kila mwisho wa mwaka.

Nilipoomba nafasi katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, niliambiwa kwamba anayeingia mwaka wa kwanza lazima awe na cheti cha serikali cha kumaliza sekondari, au kinacholingana nacho. Kidato cha nne hakifiki hapo. Nikauliza, na stashahada yangu je? Nikajibiwa kwamba haina mahali pa kuwekwa. Ushauri niliopewa ni kurudi sekondari, nikae darasani na watoto wenye umri wa kifungua mimba wangu.

Simlaumu karani aliyenijibu hivyo, maana naye anafuata mwongozo aliokabidhiwa. Tatizo ni kwamba mifumo miwili haizungumzi. Hapa kwetu njia ya kawaida ni moja: unamaliza sekondari, unafanya mtihani wa serikali, ndipo unaingia chuo kikuu. Tanzania kuna njia mbili. Mmoja hupitia kidato cha sita, mwingine hutoka kidato cha nne akaenda chuo cha kati, na akipata stashahada yenye wastani wa alama usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu. Basi karatasi ileile inayonifungulia mlango Dodoma inanifungia Bujumbura.

Wapo watakaosema kwamba vyuo vikuu lazima vilinde ubora, na kwamba huruma kwa watu wazima itashusha thamani ya shahada. Hoja hiyo ina uzito, lakini hainihusu, maana sikuomba huruma. Niliomba kupimwa. Uganda wana sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, na chini yake wapo wanaoingia kwa mtihani maalumu wa watu wazima, kuanzia miaka 25. Anayeshinda anaingia, anayeshindwa anarudi nyumbani. Tanzania wana Chuo Kikuu Huria kilichoanza kufundisha mwaka 1994, ambacho mtu anasoma huku akiendelea na kazi yake. Sijasikia mtu akidai kwamba nchi hizo zimeharibikiwa na elimu kwa sababu hiyo.

Tena ahadi tunazo tayari. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti vya elimu na vya taaluma. Mwaka 2015 ukapitishwa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wakatangaza kuwa Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Yote hayo ni mema, lakini ahadi ni deni, na deni hili halijafika dirishani ambako mwombaji anasimama na bahasha yake.

Naomba mambo matatu. Kwanza, ofisi ya kulinganisha vyeti isogezwe karibu na mipaka, ada yake ibandikwe ukutani na jibu litolewe kwa maandishi, katika muda unaojulikana. Pili, stashahada ipimwe somo kwa somo. Kama nimefaulu hesabu za biashara na ukaguzi wa mahesabu, nisirudishwe kuyasoma upya. Kwa mwenye familia, mwaka mmoja ni karo za watoto na kibanda kilichofungwa. Tatu, uwepo mtihani wa kuingilia kwa watu wazima, ulio mgumu kadiri wataalamu wapendavyo.

Nanyi ndugu zangu mliorejea, msikae mkisubiri. Angalieni majina yenu. Cheti cha Tanzania mara nyingi kimebeba jina la baba na la babu, lakini kitambulisho cha Burundi huenda hakikuandika jina lako hivyo, na afisa akiona majina mawili tofauti ataona watu wawili. Tengenezeni hati ya kiapo mapema. Ombeni chuoni matokeo ya kila somo pamoja na muhtasari wa masomo, kwani cheti peke yake hakielezi ulichosoma. Mnaotaka kusoma Tanzania, hakikisheni stashahada yenu inahakikiwa na NACTVET. Na vyeti halisi msimwachie dalali yeyote, hata awe jirani.

Mimi nimeamua kupeleka maombi yangu ng'ambo ya pili, nisome kwa masafa huku nikiuza dagaa. Nitalipa karo Tanzania kwa fedha niliyoichuma Burundi, ili niwahudumie Warundi. Viongozi wetu watafakari kama hiyo ndiyo faida waliyoikusudia walipotuita turudi nyumbani.