Barua ya Kukubaliwa Chuoni Si Barua ya Kulipiwa Karo

Siku barua pepe ilipoingia nilikuwa Wote, nimekaa kwenye matatu nikingoja ijae ili nirudi nyumbani. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilikuwa kimenikubali kusomea masta ya masoko. Barua ilianza na hongera, ikasema nimepewa "zawadi" ya pauni 4,000 kwa sababu ya alama zangu, halafu ikamaliza na tarehe: nilipe pesa za kushikilia nafasi ndani ya wiki tatu.

Nilimtumia Mama picha ya hiyo barua kwa WhatsApp. Kufika nyumbani nikakuta majirani wawili wameshakuja kunipongeza na chai iko mezani. Walipoondoka, Mama akasema polepole, "Kuna kile kipande cha chini, karibu na mto. Kuna mtu amekuwa akikiulizia." Sikulala vizuri usiku huo.

Nimekuwa nikitaka kuandika kuhusu jambo hili tangu wakati ule, kwa sababu najua Kitui na Makueni kuna vijana wengi walio na barua kama yangu kwenye simu zao. Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokasirika: kama barua ya chuo haijaja na pesa za kukulipia, hujapewa nafasi bado. Umetajiwa bei. Na mtu akikutajia bei, unapiga hesabu kwanza kabla ya kusherehekea.

Punguzo si ufadhili

Mimi nilisomea masoko, na mauzo ndiyo kazi inayonilisha. Punguzo nikiliona nalijua. Unaweka bei juu, unakata kidogo, unampa mteja jina zuri kama "zawadi", kisha unamwekea tarehe ya mwisho ili asipate muda wa kuulizauliza. Hata sisi huku hufanya hivyo na bando za intaneti. Si wizi. Ni biashara, na vyuo vingi vya nje hutegemea karo ya wanafunzi wa kigeni kama sisi.

Shida ni kwamba sisi husoma neno "zawadi" tukasikia "ufadhili". Ufadhili kamili ni kitu kingine. Ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipa karo, hukupa pesa za kujikimu kila mwezi, na hulipia ndege ya kwenda na kurudi. Kuomba ni bure. Punguzo la pauni 4,000 linakuachia wewe mengine yote.

Hesabu ya kilichobaki

Nilichukua karatasi nikaandika. Hii ilikuwa 2025.

Karo ilikuwa pauni 17,500. Toa zawadi ya 4,000, inabaki 13,500. Kupata viza, nilipaswa kuonyesha pesa za kujikimu za miezi 9. Nje ya London kiwango kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, kwa hivyo 10,224. Ada ya viza yenyewe ilikuwa pauni 524. Kuna pia ada ya matibabu ya pauni 776 kwa mwaka, na kwa sababu viza ya kozi ya mwaka mmoja hupita mwaka kidogo, unalipa mwaka na nusu: pauni 1,164.

Jumla ni pauni 25,412. Nikikadiria pauni moja kwa shilingi 170, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 4.3, na tikiti ya ndege bado.

Milioni 4.3 ni nambari ambayo haiingii kichwani, kwa hivyo niligeuza kuwa maembe. Nyumbani tuna miembe 60. Tuseme kila mti utoe maembe 300 ya kuuza, na dalali alipe shilingi 10 kwa embe, ambayo ndiyo bei tuliyopata msimu uliopita. Ni shilingi 180,000 kwa msimu, kama hakuna ukame na wadudu hawakuja. Ili kufikisha milioni 4.3 tungehitaji misimu 24. Mimi nina miaka 25.

Nilipomwonyesha Mama hesabu hiyo hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Na hicho kipande tukikiuza kitatoa ngapi?" Hakingetoa hata robo.

Harambee na mkopo wa simu

Jibu la kwanza la watu wetu huwa ni harambee, na mimi siidharau. Ukambani tulikuwa na mwethya kabla ya neno harambee kuingia kwenye siasa. Mashamba yetu yamechimbwa matuta na watu waliokuja na majembe yao bila kulipwa. Lakini mwethya ulikuwa na kipimo: unajua matuta ni mangapi, na kazi ikiisha watu wanaenda nyumbani. Kwa milioni 4.3, kama kila mtu atatuma shilingi 1,000, unahitaji watu 4,300. Ukipata 300, na hiyo ni harambee kubwa kwetu, una laki 3. Hujafika, na sasa una watu 300 wanaokuuliza unasafiri lini.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa viza ya Uingereza, pesa za kuonyesha lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Pesa za kukopa kwa mjomba wiki moja kabla hazitakusaidia.

Mikopo ya simu nayo niseme wazi, hata kama hii ni blogu ya kampuni ya malipo ya simu. Mikopo mingi ya simu hutakiwa ndani ya siku 30. Imetengenezwa kwa mtu anayenunua ndengu leo na kuziuza wiki ijayo. Masta haiuziki wiki ijayo. Ukikopa ili ulipe pesa za kushikilia nafasi, utaanza kulipa kabla hujapanda ndege, na kama viza itakataliwa utaendelea kulipa ukiwa hapa hapa.

Na usisahau deni lililoko. Wengi wetu tulisoma digrii ya kwanza kwa mkopo wa HELB. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu, lakini ukinyamaza bila kulipa unapigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Hilo lina nafasi yake kwenye karatasi yako ya hesabu, juu kabisa.

Yaliyowapata wazazi wa Uasin Gishu

Kama unafikiri natia chumvi, kumbuka Uasin Gishu. Kuanzia 2021 kaunti hiyo ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Vyuo vilikuwa vya kweli, na wako waliokuwa na barua za kweli. Mpango haukuwa wa kulipiwa karo. Wazazi ndio waliolipa, kwenye akaunti ya benki ya mpango huo, na wako waliouza mashamba na mifugo. Kufikia 2023 kulikuwa na wanafunzi Finland waliokuwa hatarini kufukuzwa kwa sababu karo haikuwa imefika chuoni, na wengine walikuwa bado nyumbani wakisubiri. Agosti 2023 aliyekuwa gavana, Jackson Mandago, na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mashtaka yanayohusu shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka.

Sitaki kuhukumu kesi hapa. Nataka tuone kitu kimoja tu: barua halali ya chuo haikuwalinda wazazi wale. Pesa zilipita kwenye mikono ya kati, na swali la "nani analipa, anamlipa nani, na risiti iko wapi" liliulizwa pesa zikiwa zimeshatoka.

"Lakini fulani alienda na akafaulu"

Ni kweli. Nami ninamjua mmoja aliyeenda kwa harambee na sasa anatuma pesa nyumbani. Lakini watu kama yeye ndio hurudi kutusimulia. Aliyekwama hutuma picha zilezile za theluji na hasemi anakula nini. Wengine watakuambia utafanya kazi huko ulipie karo. Viza ya mwanafunzi Uingereza huruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Saa hizo zinaweza kusaidia chakula na kodi. Karo ya 13,500 hazitaitoa.

Wengine huniambia Ujerumani ni bure. Vyuo vingi vya umma huko kweli havitozi karo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kwa viza, mwanafunzi asiye na ufadhili kwa kawaida huweka euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu, na hutoa euro 992 kila mwezi. Kwa euro moja kuwa shilingi 150, ni karibu milioni 1.8 kabla hujatoka nyumbani. Angalau hizo ni pesa zako na utazila wewe mwenyewe. Kwangu hiyo ni ofa bora kuliko punguzo la Uingereza, lakini bado si bure.

Halafu kuna vyuo vya karibu, ambavyo sisi huvidharau kana kwamba masta ya hapa ni ya walioshindwa. Kitui tuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, chuo kikuu kamili tangu 2013. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia 2011, alisomea digrii ya kwanza na ya pili ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kanada alienda baadaye, kwa ajili ya udaktari. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuanzia mbali.

Chuo cha karibu nacho kina mitego. Mpango mpya wa serikali wa kufadhili vyuo ulioanza 2023 uliwalenga wa digrii ya kwanza na vyuo vya ufundi, si masta, kwa hivyo karo ni yako. Tasnifu ikichelewa, miaka huongezeka na ada pia. Uliza mapema: wanafunzi wa kozi hii humaliza kwa muda gani, na nikichelewa nalipa nini? Lakini unalipa kwa muhula, unaendelea na kazi, na mambo yakiharibika unasimama bila kuuza shamba.

Nilichofanya

Niliandikia chuo cha Uingereza nikaomba vitu viwili: waniongezee ufadhili, na kama haiwezekani, waniwekee nafasi hadi mwaka unaofuata. La kwanza walikataa kwa upole. La pili walikubali, lakini kwa sharti kwamba nilipe kwanza zile pesa za kushikilia nafasi. Nikaacha.

Iliuma, sitadanganya. Majirani bado huniuliza.

Halafu niliomba taarifa ya akaunti yangu ya simu ya miezi 6 na kuisoma mstari kwa mstari. Niligundua nilikuwa naweka akiba shilingi 5,000 kwa mwezi huku nikijiambia ni 10,000. Nilipunguza vitu, nikafungua akiba iliyofungwa ambayo siwezi kuitoa kabla ya muda, na sasa naweka 12,000. Muhula mmoja wa masta kwenye chuo cha umma kilichonikubali hapa unahitaji 72,000. Miezi 6 inatosha. Nitaanza mwaka huu. Chevening hutaka uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na nikifikisha nitaomba.

Kama una barua mkononi, fanya mambo machache wiki hii kabla ya kutuma hata shilingi:

1. Andika gharama yote hadi siku ya kumaliza. Usiandike karo peke yake. Toa tu pesa ambazo zimeahidiwa kwa maandishi. Kinachobaki ndicho bei.
2. Kigawanye kwa akiba yako halisi ya mwezi, ile iliyo kwenye taarifa ya akaunti, si ile ya kichwani.
3. Usitume pesa za chuo kwa nambari ya mtu binafsi, hata kama ni wakala anayekuita "dia" na kukupigia mara tatu kwa siku. Pata maelezo ya malipo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi kila meseji.
4. Ukifanya harambee, taja lengo na siku, na useme mapema pesa zitarudi vipi kama safari haitakuwepo.
5. Omba ufadhili zaidi, au nafasi isogezwe. Kuuliza hakuna ada.

Kile kipande cha chini bado tunacho. Msimu huu Mama amepanda ndengu, na ndugu yangu aliye kidato cha tatu hajarudishwa nyumbani kwa karo hata mara moja. Mtu akiniambia nilipoteza nafasi, hayo ndiyo ninayomjibu.