Benchi la Hospitali Siyo Studio ya Kwenda Laivu

Kuna kamtindo kameshika kasi mjini. Staa anafika hospitali, anakaa mapokezi, foleni haisogei, basi anatoa simu na kwenda laivu: "Jamani naumwa, niombeeni." Mashabiki wanamwaga pole, muda unamwendea. Hapo hakuna neno. Afya ni yake na kuitangaza ni hiari yake.

Shida ni waliokaa nyuma yake. Mama mwenye kichanga, kijana anayesubiri majibu ya vipimo, dada ambaye hata nyumbani hawajui kama yuko pale. Hao hawakuomba kuonekana. Skrinishoti moja tu, kesho mtaa mzima unauliza "kulikoni?" Na mtu akishaogopa macho ya watu, kliniki harudi tena.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini hata sheria isingekuwepo, ustaarabu si upo?

Mbona njia za kuua muda ziko kibao? Cheza drafti kwenye simu, sauti zima. Soma simulizi ulizopakua mapema. Futa picha zilizojaza simu. Piga stori na bibi aliye pembeni, huenda ni yeye atakayekushtua namba yako ikiitwa.

Na ukitaka kwenda laivu lazima, toka nje, geti halijafungwa.

Wewe foleni ya daktari unaivukaje? Funguka.