Shule ya Kwanza Wilayani, kwa Hesabu ya Nani?

Mwishoni mwa Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa kauli ya Bwana Athumani Amasi aliyekuwa akikaimu ukatibu mtendaji wake, lilitangaza matokeo ya kidato cha nne na likaacha kwa makusudi jambo ambalo magazeti na wenye shule walikwisha kulizoea, nalo ni kuzitaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya insafu: shule hazifundishi katika hali moja, na kuzipanga katika mstari mmoja ni kuzifanyia baadhi yake matangazo ya biashara. Niliuona uamuzi ule kuwa wa busara, na hata leo nauona hivyo. Kinachoniudhi ni kwamba orodha iliyofukuzwa taifani imepata hifadhi wilayani, ambako kila yatokapo matokeo ya darasa la saba huitishwa vikao vya tathmini, kata zikapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, shule zikapangwa vivyo hivyo, mwalimu mkuu wa shule ya mkiani akainuliwa mbele ya wenziwe ajieleze, na hiyo ndiyo ikawa habari ambayo afisa elimu huwapelekea madiwani na wazazi kuwa ndiyo hali ya elimu.

Aijuaye Wilaya ya Kilosa hahitaji kuambiwa upungufu wa mizani hiyo. Kando ya reli kuna Kilosa mjini na Kimamba, nchi ya mkonge, ambako wenyeji hawajayasahau mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoing'oa reli na kuwahamishia watu wengi katika mahema. Kusini kuna Mikumi, iliyokaa juu ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani wa hifadhi iliyotengwa tangu 1964, ambako tembo hawajui mpaka uliochorwa na serikali, na mzazi amzuiaye mtoto asitoke nyumbani kabla jua halijapanda hafanyi uvivu bali anatimiza wajibu wake. Kuna Kidodi na Ruhembe penye mashamba ya miwa. Kuna kata za milimani kama Vidunda na Uleling'ombe. Kuna vijiji vya wafugaji, Parakuyo, Twatwatwa na Mabwegere, ambavyo watoto wake huifuata mifugo wakati wa kiangazi, tena katika wilaya ambayo mnamo Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulizika watu zaidi ya 30. Mtu azipangaye shule hizi zote kwa wastani mmoja amepima barabara, mvua na malisho, kisha akamtoza mwalimu matokeo yake.

Walakini hoja hiyo, ingawa ni ya haki, imekwisha kusemwa na wengi, wala si hiyo iliyonishikisha kalamu.

Wapo waitetezao orodha, na sharti wasikilizwe. Husema kwamba mashindano humwamsha mwalimu mzembe, na kwamba mzazi aliyetozwa michango ana haki ya kujua shule ya mwanawe imesimama wapi. Sawa, mzembe aamshwe, na mzazi aambiwe. Lakini aambiwe nini?

Tuliwahi kuujaribu upangaji huu kwa nguvu zote za serikali. Baada ya msiba wa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambayo watahiniwa wengi walifeli, mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulianza 2013, na miongoni mwa tadbiri zake ilikuwa kuchapisha nafasi ya kila shule, kitaifa na ndani ya wilaya yake. Wanazuoni watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, wakaichungua mitihani ya darasa la saba ya 2011 hadi 2016 kuona shule zilizoshinikizwa na orodha hizo zilifanya nini. Waliona mambo mawili. La kwanza litawafurahisha watetezi: shule za mkiani mwa wilaya zilipanda kwa matokeo. La pili halisomwi katika vikao vya tathmini: shule hizo hizo, zikiogopa fedheha, ziliwaondoa baadhi ya watoto katika darasa la mwisho kabla hawajafika mbele ya karatasi ya mtihani.

Nitaomba radhi nifanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Shule ina watoto 50 wa darasa la saba, na 30 kati yao wamefaulu. Ufaulu ni asilimia 60. Waondoe kumi walio dhaifu, waliobaki wawe 40, wafaulu wale wale 30. Ufaulu sasa ni asilimia 75. Mwalimu hakufundisha herufi moja zaidi, wala mtoto hata mmoja hakuongezewa maarifa, ilhali shule imepaa kutoka mkiani, na mwalimu mkuu aliyeinuliwa mwaka jana ili ajieleze, mwaka huu anapigiwa makofi.

Nani amewafukuza wale kumi? Hakuna, na hapo ndipo penye hila. Baba wa mmoja ameambiwa kwa upole kwamba mwanawe hana kichwa cha kusoma na afadhali amtafutie kazi. Msichana amekwenda Morogoro kuwa mtumishi wa nyumbani na shule haikuuliza. Mwana wa mfugaji amekosekana miezi miwili, na mwaka ambao nafasi ya shule iko hatarini, mtafutaji wake hapatikani. Sheria ya Elimu ya 1978 inamlazimisha mzazi ampeleke mtoto shule, na mtendaji wa kijiji humfuata kwa faini. Kumbe shuleni kwenyewe pana mtu anayeneemeka kwa kukosekana kwake! Huu ni udhalimu, nami sina neno laini la kuuita.

Wala si habari ya kijiji kimoja. Katika 2016, mwaka wa kwanza wa elimu bila ada, watoto karibu milioni 1.9 waliandikishwa darasa la kwanza. Mwaka wa saba wake, 2022, waliosajiliwa kwa mtihani wa kumaliza walikuwa chini ya milioni 1.4. Wamo katika pengo hilo waliokaririshwa darasa na waliofariki, nami sitawabebesha walimu pengo zima. Lakini taifa lilitangaziwa ufaulu wa asilimia 79.62, yaani kwa waliofanya mtihani. Na waliofaulu, milioni moja na elfu sabini na kitu, ukiwagawanya kwa walioandikishwa 2016, hupati hata asilimia 57. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watoto, na hakuna orodha ya wilaya iliyowahi kuwapa nafasi, hata ya mwisho.

Ndiyo maana subira yangu huisha nisikiapo kwamba afisa elimu hana la kuwaambia wananchi ila nani wa kwanza. Bwana Afisa, rejesta ya uandikishaji iko katika ofisi ya kila mwalimu mkuu, pamoja na madaftari ya mahudhurio, yafungueni! Hamhitaji mfadhili wala mshauri kutoka ng'ambo ili kujua walioingia ni wangapi na waliofika ni wangapi.

Jambo hili lina haraka yake. Kwa Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita na ya lazima itakuwa ya miaka kumi. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza 2027 pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba, na Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Kabla ya siku hiyo natamani kikao kimoja cha tathmini, Kilosa au Mikumi, ambamo afisa elimu ataanza kwa kuitaja shule ambayo haikupoteza mtoto, iwe ya Vidunda au ya Twatwatwa, na wastani wake ausome baadaye, kama muda utabaki.