Mkato Mmoja Ulivyotaka Kuniumbua

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya siku tano na wengine mmeanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa nimefungwa na mkato. Ndiyo, mkato, hiyo alama ndogo ninayoitupia kwenye sentensi zangu bila hata kuwaza.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilipata faili la shule za msingi za wilaya moja. Ni maandishi matupu: kila shule na mstari wake, na mikato ikitenganisha jina, kata, wanafunzi na madawati. Nikasema hii kazi ya nusu saa. Python najua ya kuungaunga, basi nikaiita pandas, ile maktaba ya programu ambayo Wes McKinney alianza kuitengeneza mwaka 2008, inisomee. Ikagoma! Ikadai ilitegemea safu nne, imekuta tano.

Nilihangaika hadi saa nane usiku. Mwisho nikagundua njia ya mkato (samahani kwa neno hilo): ukiiamuru iruke mistari mibovu, inatii, kisha inakupa jedwali safi kabisa. Nikashangilia peke yangu, nikaanza kuandika habari.

Kilichoniokoa ni kiherehere tu. Nilitafuta shule aliyosoma mdogo wangu, haikuwemo. Nikalifungua faili na kulisoma kwa macho. Kumbe shule zilizogawanywa mbili kwa sababu ya wingi wa watoto, karani aliandika jina, akaweka mkato, kisha A au B. Kwa hiyo mistari niliyoiruka ni ya shule zile zile zilizofurika! Habari yangu ingetangaza kwamba wilaya ina nafuu ya madawati, wakati watoto wanakaa sakafuni.

Najua wenzangu wataanza kumlaumu karani. Ni kweli, mwongozo uitwao RFC 4180, wa Oktoba 2005, unataka kitu chenye mkato ndani yake kifungwe kwa alama za usemi. Lakini mwongozo huo si sheria, na karani wa wilaya atausikia wapi? Huko Ufaransa na Ujerumani, ambako mkato ni alama ya desimali, mara nyingi wanatenganisha safu kwa nukta mkato. Kila mtu na lake. Mimi namlaumu mwandishi, yaani mimi mwenyewe. Programu ilipogoma ilikuwa inanisaidia. Mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Na wakubwa pia yanawakuta. Uingereza, mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu matokeo ya maabara yalihamishiwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, isiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikakatwa, wala hakuna kengele iliyolia. Kuna watu waliokaa karibu na wagonjwa hao bila kuambiwa mapema.

Sasa nahesabu mistari kabla ya kusoma na baada ya kusoma. Zisipolingana, siandiki hata aya moja. Mhariri wangu amenuna kwa sababu habari imechelewa. Anune tu. Majina yote ya A na B nimeyarekebisha kwa mkono, zimebaki shule mbili ambazo hazina kata, na kesho asubuhi napanda daladala kwenda kuuliza.