Si Fimbo, Si Peremende

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalotusumbua wengi: namna ya kumrudi mtoto.

Siku moja tukiwa zamu katika zahanati, mama mmoja alishuka kutoka Kibosho na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alikuwa na homa, mguu umevimba. Tulipofungua kitambaa tukaona jeraha la mundu lililokwisha kutunga usaha. Alijikata siku nne nyuma alipokuwa akikata majani ya ng'ombe. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alimtazama mama yake akanyamaza. Mama akajibu huku machozi yakimtoka: "Aliogopa, sista. Wiki iliyopita alimwaga maziwa ya kuuza, nikamchapa sana."

Tulisafisha jeraha, tukamchoma sindano ya pepopunda na kumpa dawa, naye akapona. Lakini tujiulize: fimbo ile ilimfundisha nini? Haikumfundisha uangalifu. Ilimfundisha kuficha, na kuficha kungeweza kumwua.

Basi tutumie zawadi? Hapo nasi tumewahi kukosea. Katika shule ya Jumapili tulikuwa tukigawa peremende kwa kila mtoto aliyekariri mstari. Mwanzoni watoto walijaa. Fedha ya peremende ilipokwisha, mtoto mmoja alisimama mlangoni akauliza, "Leo zipo?" Tuliposema hazipo, akageuka akaenda zake kucheza. Tuliona aibu. Kosa halikuwa la mtoto, lilikuwa letu.

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walieleza jambo kama hilo. Walichunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, wakapewa, baadaye walipoachwa wachague mchezo wenyewe walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Fimbo humfanya mtoto aulize, "Nitafanywa nini?" Peremende humfanya aulize, "Nitapewa nini?" Sisi tunataka aulize, "Nimemfanyia nini mwenzangu, na nitatengenezaje?"

Hili si geni kwetu Uchaggani. Wazee wetu walipanda masale kwenye mipaka ya vihamba. Na mtu aliyemkosea mwenziwe alichukua isale, akaenda kuomba radhi. Aliyepelekewa isale aliona vigumu kukataa kusamehe. Tuwafundishe watoto mambo hayo mawili: mpaka usiovukwa, na njia ya kurudi kwa aliyeuvuka.

Nyumbani tujaribu hivi:

1. Tungoje hasira itulie. Mkono wenye hasira haufundishi.

2. Tuulize kilichotokea, tusikilize mpaka mwisho. Mtoto akisema kweli, tusimfanye ajute kuisema.

3. Atengeneze alichoharibu. Aliyemwaga maziwa apanguse, aoshe chombo, aende pamoja nasi kumweleza mteja. Hiyo si adhabu, ni kazi inayotokana na tendo lake.

4. Akifanya vema, tumwambie tulichokiona: "Umemsaidia bibi kubeba maji, amepumzika." Hilo latosha.

Wengine watasema, "Mbona Mithali inataja fimbo?" Ndiyo. Lakini mchungaji hutumia fimbo kuongoza kondoo na kumfukuza mnyama mkali, naye Paulo anawaonya akina baba katika Waefeso wasiwachokoze watoto wao. Wala kuacha fimbo si kudekeza. Mtoto anayetengeneza kosa lake hutoka jasho kuliko anayechapwa na kusahau.

Na shuleni je? Kanuni za mwaka 2002 za nchi yetu zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Hapa kwetu, mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu wake. Tusingoje msiba mwingine. Katika mkutano wa wazazi tuulize kwa upole: je, kanuni hizo zinafuatwa? Mwanafunzi anayechelewa kila siku, kuna aliyemwuliza sababu? Huenda alfajiri alikuwa akikata majani kwa agizo letu, na hapo wa kujirekebisha ni sisi.

Yule mama wa Kibosho alirudi kufungua bandeji. Mtoto alipomwona kuku akidonoa mahindi aliyosahau kuyafunika, alimwambia mama mwenyewe, kisha akaenda kuyaokota. Mama alitusimulia akicheka. Hakumchapa, wala hakumpa kitu.

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu.