Usawa Si Nusu kwa Nusu: Matunzo ya Mtoto na Mizani ya Mapato

Wahenga waliponena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hawakuwa wakiiwazia Mahakama ya Watoto. Hata hivyo, ni nadra kupata mahali ambapo methali hiyo hudhihirika kama katika kesi za matunzo baina ya wazazi waliotengana. Baba hudai kwamba mama ana kazi. Mama naye hudai kwamba baba ana gari. Baina yao kuna mtoto anayehitaji chakula, karo, sare na dawa, na mahitaji hayo hayangoji watu wazima wamalize kutupiana lawama.

Sheria ya Kenya imeyumbayumba sana katika suala hili. Sheria ya mwaka 1959 ilimwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matunzo ya mtoto. Ilifutwa mwaka 1969. Sheria ya Watoto ya 2001 nayo ilimtwika mama jukumu la kwanza endapo wazazi hawakuwa wameoana mtoto alipozaliwa. Ni Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, iliyotamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ilikuja baada ya tamko hilo.

Wajibu sawa! Wanafunzi wa Kiswahili wanajua jinsi neno hili lilivyo na utelezi. Wapo wanaolisikia wakaelewa nusu kwa nusu, kama mkate unaokatwa katikati. Lakini kitenzi kinachotokana nalo kinaeleza jambo jingine. Anayesawazisha kiwanja hachoti udongo kiasi kimoja kila upande. Huondoa kwenye mwinuko akajaza kwenye shimo. Maana hii ya pili ndiyo inayostahili kutumika mahakamani.

Chukua mfano wa mama anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi na baba anayepata 70,000. Mtoto wao anahitaji 25,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atatoa 12,500. Baba atabaki na 57,500, na mama atabaki na 17,500 za kulipia kodi, nauli na mlo wake. Lakini mapato yao yakijumlishwa kwanza, yanakuwa 100,000, na sehemu ya baba ni asilimia 70. Basi atatoa 17,500, na mama atoe 7,500. Kila mmoja atakuwa ametoa robo ya alichonacho. Huo ndio usawa, ingawa tarakimu hazifanani.

Utaratibu huu wa kujumlisha mapato si ndoto. Ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1980, na majimbo mengi ya huko huutumia. Msingi wake ni kwamba mtoto apate fungu lile lile ambalo angelipata kama wazazi wangekuwa wanaishi pamoja. Mahakama hujumlisha mapato, husoma katika jedwali gharama ya kumlea mtoto kwa kiwango hicho, kisha huigawa kwa uwiano. Uingereza huangalia zaidi mapato ya mzazi anayelipa, utaratibu ulio mwepesi lakini unaomsahau mzazi wa pili.

Nchini Kenya hakuna jedwali la aina hiyo. Hakimu hupima mapato na mali ya wazazi, mahitaji ya mtoto na namna alivyokuwa akilelewa, kisha hukadiria. Hekima ya hakimu ni ya kuheshimiwa, lakini mzazi anayekwenda mahakamani hawezi kujua mapema atarajie nini. Jedwali la kuanzia, ambalo hakimu angeruhusiwa kulikiuka kwa sababu maalumu, lingewawezesha wazazi wengi kuelewana hata kabla ya kufungua kesi.

Hapana budi kukiri kwamba jedwali hutaka hati ya mshahara, ilhali fundi wa jua kali, mwendeshaji wa bodaboda na mama muuza mboga hawana hati hiyo. Mwenye biashara naye anaweza kuapa kwamba hapati kitu. Hapo mahakama haina budi kusoma maisha badala ya karatasi: nyumba anayokaa, kodi anayolipa, shule aliyowapeleka watoto wake wengine. Anayelipa kodi ya 40,000 kila mwezi hawezi kuaminiwa akisema mapato yake ni 20,000.

Gumu zaidi ni lile ambalo hata jedwali la Marekani hulipima kwa shida. Mama wa mfano wetu, pamoja na zile 7,500, huamka usiku mtoto anapougua, humwogesha, humsindikiza shuleni na hukosa kibarua siku ya kliniki. Saa hizo hazijumlishwi popote katika ile 100,000. Jedwali lolote litakalotungwa Kenya na litengewe safu ya saa hizo, hata kama wataalamu watabishana miaka kuhusu bei yake.