Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Hospitali: Misuli ya Wazee na Chumba Kilichofungwa



Misuli ya binadamu huanza kupungua baada ya miaka 30, kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 huzidi kasi. Kitanda huharakisha zaidi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya mnofu wa miguu. Hao hawakuwa wagonjwa.

Kinachouma zaidi ni kudhoofika kwa mapaja na makalio, yaani misuli ya kuinukia. Hapa Gede mtu huinuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mkekani, mafigani, na kwenye choo cha shimo kisicho na pa kushika. Asiyeweza kuinuka hujinyima maji mchana kutwa asije akahitaji choo. Huanguka, huvunjika nyonga, hupata vidonda vya mgongo. Lakini kubwa ni lile la kwanza: hainuki.

Mama mzazi wa mwandishi wa barua hii aliingia wodini kwa miguu yake, kifua kimembana. Kifua kilitibiwa kikapona, na kwa hilo shukrani zinatolewa. Akatoka akibebwa. Muda wote huo hakuna aliyemketisha kitini wala kumsimamisha kando ya kitanda. Kadi yake iliagiza arudi kwa mazoezi ya viungo. Chumba cha mazoezi kipo, kibao chake kimepakwa rangi vizuri, vifaa vinaonekana dirishani, na mlangoni pana kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Mgonjwa aliporudishwa kwa tuktuk ya kukodi, semina ilikuwa ingali ikiendelea. Elimu, bila shaka, haina mwisho. Leo mama hainuki bila kuinuliwa.

Tiba yenyewe haihitaji mashine. Mwaka 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwapa mazoezi ya uzito wazee wa makao ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na siku 3 yale yanayochanganya nguvu na uthabiti wa kusimama. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani chatosha: kuinuka na kuketi mara 8 hadi 10, kupumzika, kurudia. Aliyedhoofika sana huanzia kiti kirefu, akijisukuma kwa mikono. Anayemudu hukumbatia mtungi wa maji wa lita 5. Ugumu lazima uongezwe kidogo kidogo, la sivyo misuli haijengeki. Kunde, pojo na samaki husaidia. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mzee, na kumtambua yule ambaye moyo wake au mfupa wake haujaruhusu.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawaahidi wazee kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Serikali hiyohiyo, kupitia mpango wa Inua Jamii, huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo asiyeinuka hutumia kukodi wa kumwinua. Nchi nzima imezoea kuhesabu wazee waliotoka wodini wakiwa hai, bila kuuliza walitokaje.

Basi ufunguo uwe na watu wawili. Siku za mazoezi zibandikwe mlangoni na zifuatwe. Kila mzee aliyelazwa aketishwe na kusimamishwa mara daktari anaporuhusu, na iandikwe kwenye faili lake nani alimsimamisha. Wahudumu wa afya wa jamii wafunzwe zoezi la kiti, wawafuate nyumbani wale ambao tayari wamechelewa.

Mkazi wa Gede